Mwanangu, dadu yako umeisahau

Mwanangu mpendwa,

Dadu yako umeiacha hapa nyumbani, ile yenye kona iliyomeguka. Nimeikuta chini ya mto wako, pamoja na karatasi ya mambo sita ya Jumamosi. Nisamehe, nimeisoma. Mwanzoni nilicheka. Moja, kunyoa nywele zote. Mbili, kupanda basi lolote hadi kituo cha mwisho. Nikafika namba tano: "Kumwomba mdogo wangu msamaha." Pembeni umeweka alama kwamba ndiyo iliyotoka. Kisha umeikata kwa mistari miwili na kuandika, "narudia."

Sikuandikii kukugombeza. Siku ile ulipotutangazia kwamba kuanzia sasa dadu ndiyo itakayoamua, baba yako aliguna, lakini mimi nilikuelewa. Kuamua kunachosha. Mtu anasimama mbele ya kabati na mashati mawili yasiyozidiana kwa lolote, dakika kumi zinapita. Hapo rusha tu, ndiyo kazi yake. Tena bahati nasibu ina heshima zake: Athens ya kale iliwapata wajumbe 500 wa baraza lake kwa njia hiyo, bila uchaguzi.

Hata mimi nimewahi kurusha. Kabla hujazaliwa nilikuwa na kazi iliyokuwa ikinimaliza taratibu, nikachukua sarafu: kikija kichwa nabaki, kisipokuja naondoka. Kikaja kichwa. Nikasema, basi iwe mara mbili katika tatu. Kikaja kichwa tena. Nikasema, tatu katika tano. Sarafu ikabiringika chini ya kiti, na nilipojikuta nimepiga magoti naipapasa gizani, nikacheka peke yangu. Mwezi uleule niliandika barua ya kuacha kazi.

Najua utanitajia Steven Levitt, yule mchumi wa Marekani aliyewarushia watu sarafu kupitia intaneti, maelfu kwa maelfu yao, wengine wakiuliza kama waache kazi au waachane na wapenzi wao. Utafiti wake ulichapishwa mwaka 2021: miezi sita baadaye, waliobadilisha mambo makubwa walisema wana furaha kuliko waliobaki palepale. Sawa. Lakini watu wale walikwenda kwenye sarafu na swali lao mkononi. Sarafu haikuwatungia.

Au wachukue ndugu wawili Wright, wale Wamarekani waliounda ndege. Desemba 1903 walirusha sarafu kujua nani atangulie kuruka. Wilbur akashinda, tarehe 14 akanyanyuka kidogo tu, akaanguka, chombo kikaharibika. Wakakitengeneza, na tarehe 17 ikawa zamu ya Orville: sekunde 12 hewani. Sarafu iligawa zamu. Kuhusu ile miaka ya kuunda na kubomoa na kuunda tena, hakuna aliyeiuliza sarafu.

Basi na zile sita zako, nani aliziandika? Hakuna aliyekushika mkono uweke namba tano pale, katikati ya vichekesho. Nadhani ulitaka itoke, ili ukienda kwa mdogo wako useme umetumwa na dadu, na akikataa kukusamehe, aibu iwe ya dadu. Ilipotoka kweli ukaogopa. Mimi ningekuwa yeye ningeudhika mara mbili, kuombwa msamaha na kijiwe cha plastiki!

Uliporudia ikatoka mbili, nayo ina alama yake. Kumbe ndiyo maana ulirudi usiku ule umechoka hivyo, huna hata hadithi ya huko ulikofika.

Karatasi nimeikunja nikaiweka kwenye droo yangu, sijamwonyesha mtu. Mdogo wako atakuwepo Jumapili kutwa. Hajaniuliza habari zako, lakini juzi alikaa kwenye kiti chako akaigeuzageuza ile dadu mkononi, hakuirusha.

Utaikuta mezani ukija.

Mama yako