Homa ya papasi isisubiriwe mpaka uso upinde

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wahudumu wa zahanati za vijijini hapa Dodoma, na wakubwa wao wilayani, wasiifungie hadubini kabatini kwa sababu tu vipimo vya haraka vya malaria vimefika.

Vipimo vile vinajibu swali moja: malaria ipo au haipo. Bakteria wa homa ya papasi, ugonjwa unaoenezwa na papasi, kupe anayeishi ndani ya nyumba na kuuma watu, haviwaoni. Mtu anaungua homa siku mbili tatu, anapimwa, anaambiwa hana malaria, anapewa dawa ya kutuliza maumivu. Homa inashuka yenyewe. Baada ya wiki hivi inarudi, na safari hii watu nyumbani wanaanza kunong'onezana.

Ikiachwa irudi-rudi bila tiba, kwa wengine hufika kwenye mishipa ya fahamu. Shingo hukakamaa, au upande mmoja wa uso hupooza: jicho halifumbi, maji yanachuruzika pembeni mwa mdomo. Kijijini kwetu mama mmoja wa hali hiyo alizungushwa kwa waganga akiambiwa kapigwa na jini. Hakuna aliyemuuliza analala wapi!

Alikuwa akilala chini, kwenye tembe lenye nyufa. Papasi si kama kupe wa ng'ombe anayeng'ang'ania ngozini ukambandua. Hutoka usiku, hunyonya upesi, hurudi ufani, na asubuhi huoni kitu. Anaweza kukaa miaka bila kula, kwa hiyo hata nyumba iliyohamwa si salama.

Ugonjwa huu haukuanza jana. Mwaka 1905 Dkt. Joseph Dutton alifia Kasongo, Kongo, kwa homa hiihii aliyokuwa akiichunguza. Bakteria wake, Borrelia duttonii, amepewa jina lake. Damu ikichukuliwa wakati homa imepanda, hadubini ya kawaida humwonyesha. Tetrasaiklini na doksisaiklini humtibu, na si dawa za gharama. Ila baada ya dozi ya kwanza homa huweza kupanda na presha kushuka, hivyo mgonjwa abaki zahanati aangaliwe. Wajawazito wapewe dawa inayowafaa, tena haraka, maana homa hii huharibu mimba na huua vichanga.

Ninachokiomba kwa halmashauri zetu ni hiki: mwenye homa inayorudi, au aliyepinda uso baada ya homa, damu yake itazamwe kwa hadubini siku hiyohiyo, na tabibu amuulize kama nyumbani kwake kuna papasi.

Msomaji wako,
Dodoma