Besti, ile muvi ya Krismasi imeniuma

Besti wangu,

Habari za huko? Nimeona umeuliza kama nimemaliza Happiest Season na mbona nimenyamaza, nikaona majibu yangu hayataingia kwa meseji, acha nikuandikie vizuri. Nimeimaliza. Sikuipenda, na najua wewe uliipenda sana, ndio maana nataka nikueleze polepole usidhani nimekataa tu.

Walahi nilitaka kuipenda. Si unajua tumengoja kiasi gani kitu kama hicho, muvi ya mapenzi ya kuchekesha, ya Krismasi, na pesa za studio kubwa nyuma yake, na wanaopendana ni wanawake wawili, Kristen Stewart na Mackenzie Davis, tena dairekta ni Clea DuVall ambaye mwenyewe anapenda wanawake na amesema stori kiasi ameitoa kwa maisha yake. Ilikuwa iende kwa masinema, korona ikaingilia, ikaishia mtandaoni kwa Hulu Novemba 2020. Kwa hivyo nilikaa kuitazama na roho safi kabisa.

Mwanzo haukunisumbua. Harper (Mackenzie Davis) anamwalika mpenzi wake Abby (Kristen Stewart) kwao Krismasi, Abby wazazi wake walishafariki na hata hiyo sikukuu haipendi lakini anakubali maana anataka kumchumbia huko huko, halafu wakiwa njiani kwa gari ndio Harper anasema ukweli, kwamba kwao hawajui chochote, alimdanganya aliposema ameshawaambia, na baba anagombea umeya kwa hivyo Abby ajifanye rumeti tu mpaka sikukuu ipite. Hapo nikasema sawa, hii tunaijua. Wewe na mimi tunajua watu waliopelekwa ushago Disemba wakiitwa rafiki wa kazini, wakachambua mchele na kina shangazi, wakalala chumba cha wageni, wakarudi mjini bila mtu kujua walikuwa nani. Na hapa kwetu na kile kifungu cha 162 cha sheria ya Kenya, kinachokataza mapenzi ya jinsia moja, na miaka 14 jela, mtu akificha siwezi kumnyooshea kidole. Kwa kuogopa simlaumu Harper hata kidogo.

Shida yangu ni vile muvi inachukua huo uoga na kufunika nao kila kitu kingine Harper anachofanya. Mkumbuke Riley, yule Aubrey Plaza. Yeye na Harper walipendana wakiwa sekondari, na siku mambo yalipokaribia kujulikana Harper akageuka akawaambia wenzake kwamba ni Riley ndiye anamsumbua, shule nzima ikamjua Riley na Harper akabaki msafi. Hiyo si kuficha, hiyo ni kumtoa mwenzako akachomwe ili wewe upone! Halafu miaka imepita amekuwa mtu mzima na anarudia yale yale, anabaki baa na ex wake Connor hadi usiku huku Abby amerudi peke yake kwa nyumba ya watu asiowajua, na Abby akilalamika anaambiwa anambana. Kisha ile pati ya mkesha, Sloane, dada yake Harper, anatangaza mbele ya kila mtu kwamba Harper anapenda wanawake na Harper anakana, Abby amesimama pale pale anasikia. Yote haya muvi inayaita uoga na kuyasamehe kwa pamoja.

Na ile hotuba ya John, rafiki wa Abby, aki nililia. Baba yake alimfukuza wakakaa miaka 13 bila kuongea, na anavyosema kila mtu ana stori yake ya kujitangaza na hakuna anayefaa kusukumwa, Dan Levy aliifanya vizuri sana na maneno yenyewe ni ya kweli. Lakini angalia imewekwa wapi. Abby amechoka, ameamua kuondoka, na hapo ndipo anapoelezwa amwelewe Harper. Mbona hakuna aliyemkalisha Harper kwa muda mrefu hivyo amwambie amwelewe Abby? Yule yatima, ambaye familia nzima inamhurumia ovyo kila ikimwona, anayewekewa mkufu kwa begi na wale mapacha wa Sloane akashikwa kama mwizi ati ndio tucheke, huyo huyo ndiye wa kuelewa kila mtu. Mahali pekee nilipopumua ni pale Riley anampeleka baa wanakoimba wale drag queen, BenDeLaCreme na Jinkx Monsoon, na Abby anakaa kama mtu, halafu tunarudishwa tena kwa ile nyumba.

Nimekuwa nikiifikiria Rafiki, ile muvi ya hapa Kenya ya Wanuri Kahiu. Huko pia wababa wanagombea viti, na mtaa mzima unawaangalia Kena na Ziki, wasichana wawili wanaopendana, na wanapigwa vibaya, si stori nyepesi. Bodi ya filamu ilitaka mwisho ubadilishwe kwa sababu una matumaini, Wanuri akakataa, ikapigwa marufuku Aprili 2018, na Septemba korti ikaifungulia siku 7 tu na watu wakajaa kuitazama. Ile haikumwambia Kena kwamba kilichomtokea ni kichekesho cha familia. Sasa wale wa Marekani wana studio, wana mastaa, hawana wa kuwafungia, na bado mwanamke anayependa mwanamke anapewa Krismasi ya kufichwa besmenti.

Najua utasema mwishoni Harper aliwaambia wazazi. Ndio aliwaambia, lakini baada ya kumkana, na Abby ameshatoka. Kisha anamfuata, anaomba msamaha, mwaka unaruka na wameshachumbiana. Mimi ule mwaka walioruka ndio nilitaka kuuona, Harper akijifunza kumshika Abby mkono mbele ya baba yake, mama yake akijifunza kuuliza Abby ni nani na si kumpa pole tu, wakigombana, wakipatana. Wangeniwekea hata nusu saa ya hayo ningekubali waoane.

Niandikie basi, na usinijibu ati walikuwa wanapendana, hilo sijalikataa. Niambie kuhusu Riley, maana kwa meseji zako zote hujamtaja hata mara moja.

Wako wa siku zote.