Mungu kwanza, mpaka kwenye sado

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme hili maana limenikaa moyoni muda mrefu.

Siku hizi kila unaekutana nae anakwambia hali ngumu, na kweli ni ngumu, sie tunaouza nafaka sokoni ndo tunajua, leo maharage yana bei hii, kesho mvua ikikata barabara huko yanakotoka bei imeruka, na hapo hapo marejesho ya mkopo wa kikundi yanakusubiri, ada ya mtoto, kodi ya meza. Mtu anaamka alfajiri kitu cha kwanza anashika simu kuangalia nani anamdai, hata asante Mungu hajasema. Siku imeshaanza na hofu na hofu ndo inaiendesha mpaka usiku.

Tukisema Mungu kwanza wengi tunawaza mkesha na kufunga, na ni vizuri sana, mimi bila sala ya asubuhi hata iwe fupi vipi sifungui biashara. Ila mtihani wenyewe unakuja saa nne mteja akiwa mbele yako. Mnaijua wote ile sado, kopo letu la kupimia nafaka, iliyogongwa chini, kitako kimebonyezwa kikaingia ndani, ukiitazama kwa juu imejaa mpaka ina kilima kumbe pungufu, na mama wa watu kaja na hela yake ya kuungaunga anaenda kupikia watoto. Anaefanya hivyo sio kwamba hamjui Mungu, wengine tunasali nao kabisa, anakwambia nifanyeje na marejesho ni kesho. Hapo ndo pa kuamua nani anatangulia.

Na maandiko hayajaficha. Kumbukumbu la Torati 25 inakataza kuweka vipimo viwili, kikubwa na kidogo. Amosi sura ya 8 anawasema wafanyabiashara walioona sabato inawachelewesha, wanatamani iishe wakauze ngano kwa kipimo kilichopunguzwa, yaani siku ya Mungu wanaishika ila mawazo yote yapo kwenye kupunja! Ndugu zetu Waislamu nao wana sura nzima, Al-Mutaffifin, inaanza kwa kuwaonya wanaopunja, wakipimiwa wao wanataka kijae, wakiwapimia wenzao wanapunguza. Jirani yangu wa meza ya pili ni Muislamu, adhana ya adhuhuri ikilia anafunika mchele wake anaenda kuswali hata kama watu wamejaa, mimi namuangalizia, na wateja wanamsubiri maana wanajua sado yake ni nzima.

Halafu kuna ile mana ya Kutoka 16, chakula Mungu alichowashushia Waisraeli, naipenda sana. Watu wako jangwani, hawana shamba wala duka, wanaokota ya siku hiyo tu, aliebakiza mpaka kesho yake ikaoza ikatoa mabuu, isipokuwa siku ya sita waliokota mara mbili ili sabato wapumzike. Na sisi wenye meza sokoni tunaogopa kufunga nusu siku.

Sisemi ukimtanguliza Mungu deni litajilipa lenyewe, na wale wanaowaambia watu toa mbegu ya laki deni lifutike sikubaliani nao hata kidogo, kuna watu wanakopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, wakatoe sadaka, inaumiza sana. Deni utalipa kidogo kidogo, ila utalipa na hela ambayo hujamnyang'anya mtu.

Wachungaji na mashehe naomba sana mlifundishe hili la vipimo Ijumaa na Jumapili, mlitaje kabisa kwa jina, sado. Na viongozi wa vikundi, hivi kweli kikao cha marejesho lazima kiwe Jumapili saa tatu asubuhi na asiefika anapigwa faini? Sogezeni hata saa tisa alasiri, watu waende ibadani kwanza, hela mtaipata ile ile.

Muuza nafaka,
Dar es Salaam