Na Robert Carter aliishi zama zipi?

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma mara mbili makala yenu ya Jumapili kuhusu waasisi wa Marekani na watumwa wao. Imeandikwa vizuri, ila sentensi moja imenikwama kooni: kwamba Thomas Jefferson na wenzake "walikuwa watu wa zama zao", na kuwaacha huru watumwa wakati ule "haikuwezekana". Nimefundisha historia miaka mingi. Maneno hayo nimeyasikia kwa wanafunzi na kwa walimu wenzangu, na nakiri mimi mwenyewe nimewahi kuyaandika ubaoni. Siku hizi mtu akiniambia hivyo namuuliza: na Robert Carter aliishi zama zipi?

Huyu, mwenye mashamba wa Virginia aliyewaacha huru watumwa wake zama hizohizo za Jefferson, hakuwa mtu wa pembeni. Babu yake, naye Robert Carter, alikuwa na utajiri ambao Virginia nzima haukuwa na mfano, hata wakambandika jina la "Mfalme". Aliwahi kuwa spika wa bunge la Virginia, wakati huo koloni la Waingereza, akakaimu ugavana, na alipofariki mwaka 1732 aliacha ardhi inayokaribia eka 300,000. Namna alivyoilinda mali hiyo, mfano mmoja unatosha. Mwaka 1708 mahakama ya wilaya ya Lancaster ilimpa kibali cha kuwakata vidole vya miguu watumwa wawili walioonekana ni sugu, mwanamume aliyeitwa Harry Mbambara na mwanamke aliyeitwa Dinah. Kibali cha mahakama, kwa maandishi. Baadaye mzee huyo aliandika kwamba kwa dawa hiyo amewatibu wengi ugonjwa wa kutoroka.

Mjukuu alizaliwa mwaka 1728, akafiwa na baba na babu ndani ya mwaka mmoja, akiwa na miaka minne. Alipokua akakabidhiwa eka zaidi ya 60,000 na mamia ya watu waliohesabiwa pamoja na ng'ombe na majembe. Mwaka 1754 akamwoa Frances Tasker, binti wa ukoo mkubwa wa Maryland, wakazaa watoto 17, kadhaa wakiwafia wachanga. Siasa aliianza vibaya: aligombea uwakilishi mara mbili, wapigakura wakamwangusha mara mbili. Mwaka 1758 akaingia kwa kuteuliwa katika Baraza la Gavana, chombo kilichokuwa serikali, bunge la juu na mahakama kuu kwa pamoja. Mashamba yake ya tumbaku na nafaka aliyapa majina ya nyota, zilezile ambazo nyinyi mnatuchapia utabiri wake kila siku: Hamali, Thauri, Saratani, Asadi, Mizani, Dalu.

Maisha ya nyumbani kwake tunayajua kwa sababu mwaka 1773 alimwajiri kijana wa New Jersey, Philip Fithian, aliyetoka kuhitimu Princeton, awafundishe watoto. Fithian aliandika shajara. Anasema jumba la Nomini Hall lilipakwa chokaa, likaonekana jeupe kutoka maili sita. Ndani kulikuwa na vinanda, gitaa, filimbi, mpaka kile chombo cha vioo alichobuni Benjamin Franklin, na bwana mwenyewe alikuwa akijizoeza kupiga jioni. Kisha Fithian anatuambia jambo jingine. Watu walimhakikishia kwamba Carter ndiye bwana mwenye huruma kuliko wote upande ule. Basi akauliza posho ya mtumwa ni kiasi gani, akajibiwa: mahindi, kwa vipimo vyetu kama kilo sita, na ratili moja ya nyama. Kwa kichwa, kwa wiki.

Nimekulia kambi ya mkonge, Mhariri. Jumamosi mama alinituma na kikapu nimshikie nafasi kwenye foleni ya posho, na mpimaji alikuwa na mtindo wake: akishajaza kipimo, anapitisha kiganja juu taratibu, kilele chote kinarudi gunani. Baba alikuwa manamba, mwenye mkataba na mshahara, na hata hivyo kile kiganja kilipita. Nikisoma "kilo sita" za Nomini Hall najua ni za daftarini. Na huyo ndiye bwana mwenye huruma.

Sasa kilichombadili ni nini? Mwaka 1777 aliugua homa iliyomtikisa roho, na mwaka uliofuata akabatizwa na Wabaptisti, watu waliodharauliwa na matajiri wenzake. Akawa anasali katika kanisa moja na watumwa, wake na wa wengine. Mwaka 1782 bunge la Virginia likapitisha sheria iliyomruhusu mwenye mtumwa kumwacha huru kwa hati yake mwenyewe, bila kuomba ruhusa ya serikali. Hiyo ndiyo sheria ambayo makala yenu haikuigusa kabisa. Mwaka 1786 Carter aliwapeleka wanawe wawili, George na John Tasker, chuoni Rhode Island, kaskazini, ili wasikulie katikati ya utumwa. Mwaka 1787 mkewe akafariki.

Septemba 5, 1791 aliwasilisha mahakamani Northumberland hati ya hiba. Ilikuwa na majina 452, shamba kwa shamba, kila mtu na umri wake. Alieleza kwamba kwa muda sasa ameridhika kuwa kuwaweka watu hao utumwani ni kinyume cha dini na haki, na kwa hiyo ni wajibu wake kuwaachia. Watu wazima wangetoka 15 kila mwaka kuanzia Januari 2, 1792. Watoto wangengoja, wavulana miaka 21, wasichana 18. Ukijumlisha na waliozaliwa baadaye, wanafika kama 500. Kabla ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe hakuna mtu mmoja Marekani aliyewaacha huru wengi kiasi hicho.

Simfanyi mtakatifu. Mpango wa miaka ishirini maana yake wapo waliozeeka wakingoja zamu, na mama aliyepata uhuru huku mwanawe akibaki shambani. Lakini Carter hakuishia kwenye karatasi. Aliwakodisha ardhi baadhi ya walioachwa huru, hata pale ilipobidi wapangaji weupe wahame. Jambo hilo liliwauma majirani kuliko hati yenyewe. Mmoja wao alimwandikia barua bila kutia jina, kwamba haki ya mtu kuwaacha huru watumwa wake ni kama haki ya kuitia moto nyumba yake wakati ya jirani itateketea nayo. Tazama hofu ilipolala: kama jambo lisingewezekana, moto ungeogopwa wa nini?

Nyumbani nako hakukuwa na amani. Wanawe na wakwe zake waliona urithi unatoka nje kwa miguu yake, kumi na watano kila Januari. Mwaka 1793 mzee alihamia Baltimore, kazi ya kutekeleza hati akamwachia mchungaji wa Kibaptisti, Benjamin Dawson, na huyo akaendelea nayo familia ikipinga.

Sasa muweke Jefferson pembeni yake. Virginia ileile, sheria ileile ya 1782, elimu kubwa zaidi. Katika maisha yake alimiliki watu zaidi ya 600. Aliwaacha huru wawili akiwa hai na watano kwa wosia. George Washington, rais wa kwanza, aliyezaliwa wilaya ileile ya Westmoreland iliko Nomini Hall, aliandika wosia mwaka 1799 wa kuwaachia 123 aliowamiliki mwenyewe, ila wangoje mkewe afe. Patrick Henry, muasisi mwingine wa Virginia, walau alisema kweli: mwaka 1773 aliandika kwamba anaendelea na watumwa kwa sababu ni adha kuishi bila wao. Na Carter hakuwa peke yake. Sensa ya mwaka 1800 iliwahesabu weusi huru zaidi ya 20,000 Virginia, wengi wao kwa hati ndogondogo za watu wasio na majumba meupe. Mlango huo ulibanwa mwaka 1806, bunge lilipotaka kila aliyeachwa huru aondoke jimboni ndani ya miezi 12.

Mwaka 1803 Carter alimwandikia binti yake Harriot kwamba mipango yake na ushauri wake havijawahi kuupendeza ulimwengu. Mwaka uliofuata akafariki. George aliuleta mwili Nomini Hall ukazikwa bustanini, bila jiwe la kaburi.

Ombi langu ni dogo. Kwenye toleo lijalo rekebisheni sentensi ile: palipoandikwa "haikuwezekana", wekeni "hawakutaka". Haitawagharimu nafasi. Picha ya Monticello, jumba la Jefferson, inaweza kubaki.

Wenu,
Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga