Vile vitabu vya kisomo vya miaka ya sabini viko wapi?

Mhariri,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na huu ni mwaka wa nne nafundisha kisomo, yaani watu wazima kusoma na kuandika, hapa Ukerewe, nje kidogo ya Nansio. Nina wanafunzi 14: wanawake 11, wengi wao wauza dagaa, na wavuvi watatu ambao huwaoni darasani mpaka mbalamwezi iwe kubwa na karabai zisiwe na kazi ziwani. Tunakutana saa kumi jioni, magoti yakigonga madawati ya watoto.

Walimu wenzangu wa kisomo huniuliza napata wapi vya kusomesha. Nina simu, nina bando la wiki, na naijua steshenari inayochapa ukurasa kwa shilingi 200. Nikipatacho nakipata kwa hivyo vitatu.

Kinachonifaa zaidi ni African Storybook, mkusanyo wa hadithi ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini. Za Kiswahili zimo nyingi, hazilipiwi, zimepangwa kwa ngazi kuanzia maneno ya mwanzo hadi aya ndefu, na ukishazipakua unasoma bila bando. Taabu yake ni moja: zimeandikwa kwa ajili ya watoto. Wiki ya pili tu bibi mmoja alifunga daftari akaniambia, “Mwalimu, sungura tena? Mimi nina wajukuu tisa.” Nilinyamaza, maana alikuwa na haki. Baadaye ndipo nikasoma vizuri masharti ya zile hadithi, nikaona yanaruhusu mtu kubadilisha maneno, ili mradi amtaje aliyeandika na aliyechora. Nikachukua picha za mama wa sokoni, nikayatoa maneno yaliyokuwapo, nikaweka yetu: ndoo ya dagaa bei gani, nani kakopa, nani halipi. Bibi yule sasa ndiye anayenikumbusha muda wa kipindi.

Nyingine ni Kiwix, programu inayokuwezesha kuiweka Wikipedia ya Kiswahili kwenye kadi ya simu ukaisoma hata pasipo mtandao. Siku tuliyosoma habari za ziwa letu tulibishana nusu saa nzima kwa nini wameandika Viktoria kwa k ilhali ile meli ya Bukoba ina c ubavuni. Wavuvi walikuwa upande wa meli. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania nayo naifungua, ila ina vitabu vya kiada vya shule. Ni msaada kwa mzazi anayetaka kujua mwanawe anasoma nini, kwa kisomo haitoshi.

Tena kuna masomo yanayojileta yenyewe kwenye simu zao. Mama mmoja alipoteza shilingi 80,000 kwa ule ujumbe tunaoujua wote, “Ile hela tuma kwenye namba hii.” Alisomewa na mjukuu, akadhani ni mwanawe wa Mwanza, akaenda kwa wakala. Niliuandika ubaoni kwa herufi kubwa, tukaukata silabi: he-la, tu-ma, na-mba. Alipoweza kuusoma mwenyewe mwanzo hadi mwisho, alisimama akasema kwa hasira, “Kumbe hata jina langu hajalitaja!” Kitabu gani cha a-e-i-o-u kingemfanyia hivyo?

Hapo ndipo lilipo jambo langu hasa, Mhariri. Vitabu vya namna hiyo, vinavyoanzia kwenye kazi na shida ya mtu mzima, nchi hii ilikuwa navyo. Mwaka 1968 mradi wa kisomo wa UNESCO ulianza Mwanza kwa mikoa ya Kanda ya Ziwa, na watu walifundishwa kusoma kwa vitabu vya pamba, vya migomba, vya uvuvi. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 Ukerewe yetu ilikuwa miongoni mwa wilaya chache zilizochaguliwa kufuta ujinga kwanza, pamoja na Mafia, Masasi na Pangani. Mama yangu alijifunza kusoma wakati huo, kwa kitabu cha pamba, akiwa na mdogo wangu mgongoni. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu takriban milioni 2 wakikaa kwa vikundi kuzunguka redio, kila kikundi na kijitabu chake.

Nimevitafuta vitabu hivyo mtandaoni usiku mwingi, mpaka bando likakata. Nilichopata ni ripoti. Zimo kwenye hazina ya nyaraka ya UNESCO, bure, kurasa kwa kurasa, zikieleza jinsi watu wa ziwa hili walivyofundishwa, na zimeandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Kitabu chenyewe alichokishika mama yangu sikukiona. Yaani habari zetu anaweza kuzisoma mtu aliyeko Paris, mimi wa Nansio sina cha kuwasomesha wenye habari hizo.

Simwombi mtu aandike vipya kwanza. Naomba vile vya zamani vipigwe picha na kuwekwa mahali ambapo mwalimu yeyote atavipakua. Vilichapwa kwa ajili ya umma. Najua dawa za pamba zimebadilika na kilimo cha siku zile si cha leo. Hilo niachiwe mimi, nitarekebisha kama nilivyomrekebisha sungura.

Na wasomaji wako, walio na wazazi waliosoma enzi hizo, waangalie kwenye masanduku na juu ya makabati. Watafute pia lile gazeti la wasomaji wapya lililotoka kwetu Kanda ya Ziwa, Elimu Haina Mwisho. Mimi ninazo nakala mbili. Moja mchwa wamekula robo tatu, na hiyo ndiyo nitakayoipiga picha kwanza, Jumamosi hii, kabla hawajaimaliza.

Mwalimu wa kisomo,
Nansio, Ukerewe