Hali ya ekstensheni iwekwe sehemu moja

Mhariri, naomba nafasi niongee na vijana wenzangu wa hapa Mwanza wanaotengeneza ekstensheni za brauza, yaani programu ndogo za kuiongezea brauza uwezo, maana tatizo ni lilelile. Mtu anazima swichi kwenye kidirisha cha ekstensheni, skripti yake iliyo ndani ya ukurasa wa wavuti inaendelea tu kama haijaambiwa kitu, na kweli haijaambiwa, kila sehemu ina memori yake. Halafu kwenye Chrome, kwa Manifest V3 (toleo la kanuni za kuunda ekstensheni), ile sehemu ya nyuma inayofanya kazi bila kuonekana ikikaa kimya sekunde 30 inazimwa na vigeu vyote, yaani thamani ilizokuwa imeshika kwenye memori, vinapotea! Jamani, wekeni hali, yaani mipangilio na data ambazo ekstensheni inapaswa kukumbuka, kwenye chrome.storage, hifadhi ya pamoja ya ekstensheni; kila sehemu isome pale na isikilize onChanged, taarifa inayotolewa hifadhi hiyo ikibadilika. Muuza dagaa wa Mwaloni Kirumba akikuta bei alizoweka zimefutika ataifuta ekstensheni yako siku hiyohiyo, na ana haki kabisa.

Msomaji wenu, Nyegezi, Mwanza