Mgeni asilazimishwe kunywa

Ndugu Mhariri,

Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, umefika huku Kilolo, na kwenye vikao vya posa mgeni bado analazimishwa kumaliza mbeta, chombo cha mwanzi cha ulanzi, ndipo asikilizwe. Inaniuma sana. Hata Uajemi ya kale, ambako mvinyo wa kifalme ulinyweka kwa vyombo vya dhahabu, Biblia inasimulia kwamba Mfalme Ahasuero aliagiza pale Shushani kila mtu anywe apendavyo. Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 KK, aliandika kuwa Waajemi walijadili mambo mazito wakiwa wamelewa, kesho yake wakayapima upya wakiwa hawajalewa. Sisi mahari tunaipanga usiku, vikombe vikizunguka, na asubuhi hakuna anayeruhusiwa kuigusa! Wazee wa ukoo, wekeni kikao cha pili, cha chai.

Mwalimu mstaafu,
Kilolo, Iringa